Taa ya Mchana Nyumbani kwa Gati

Tulimzika Gati siku ya Alhamisi, na wasifu wake uliposomwa nilihesabu sentensi: kumi na nne. Wakati wa wimbo nikazihesabu tena kichwani, zikabaki kumi na nne. Alizaliwa, akaolewa, akafiwa na mume, akapika pombe, akaokoka, akaimba kwaya ya akina mama, ameacha mtoto mmoja. Kijana aliyesoma alisoma vizuri na hakudanganya popote. Lakini nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki nikijisikia kama mtu aliyepimiwa debe la mahindi na muuzaji akaacha kulitikisa. Mwaka mmoja mzima haukuwamo. Na katika maisha yangu ya biashara, ambayo ni marefu, nimekutana na mahodari wengi wa kusema na wachache sana wa kufanya. Yule tuliyekuwa tunamfunika udongo alikuwa wa kwanza katika wale wachache.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini, au ishirini na mmoja. Hapo tu ndipo hesabu yangu haifungi, maana hakuna aliyeandika. Habari za kwetu, za baba yangu na ng'ombe wake na sababu ya mimi kuondoka, naziacha. Zimezungumzwa vya kutosha na watu zisizowahusu. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Gati, Nyamisangura, pale Tarime, katika nyumba ya udongo ya vyumba vitatu iliyoezekwa bati nusu na nyasi nusu, kana kwamba mjenzi alibadili mawazo katikati ya kazi. Chumba cha mbele kilikuwa cha wanywaji: chungu katikati, vigoda vimekizunguka, mirija mirefu imeegemea ukuta. Cha kati kilikuwa jiko, na ndimo Gati na binti yake Robi walimolala. Cha nyuma kilikuwa changu, pamoja na magunia ya chumvi na makasha ya vioo vya taa nilivyovilaza kwenye nyasi kavu kama mayai. Kuta hazikufika juu. Neno likisemwa mbele lilipita juu ya jiko, likachukua harufu ya moshi, likanifikia nikiwa nimelala. Hivyo ndivyo nilivyosikia habari nyingi za Tarime, zote zikinuka moshi.

Watu waliotoka Kewanja walipita nyumba tatu za pombe ndipo wakafika kwa Gati, na siri yake ilikuwa kimea. Wimbi, yaani ulezi, likishalowekwa, alilitandaza kwenye gunia, akalifunika kwa majani ya migomba, akawa analigeuza na kulipapasa kwa ndani ya kiwiko. Hakuwa na kipimo kingine. Kiwiko kikimwambia limepoa, alilisogeza karibu na moto; kikimwambia limezidi, alifunua. Alikuwa mrefu, mkavu wa maneno, mjane wa miaka thelathini na kitu. Robi alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la nne, na maneno yote ambayo mama yake hakuyatumia alikuwa ameyachukua yeye.

Masika ya mwaka huo yalinikuta Machochwe, kule chini kwenye joto, nikibadilisha chumvi kwa karanga na ngozi. Mzee mmoja alikuwa amefukua mayai ya kobe wakati wa kulima, akayaacha kwenye pembe ya ghala lake, yakaanguliwa. Alinionyesha kwenye ungo: kobe wadogo, kila mmoja sawa na kiberiti, magamba ya manjano yenye madoa meusi, nyuso za wazee waliokasirishwa na ushuru. Alitaka vioo viwili vya taa. Nilimpa kimoja na nusu kopo la chumvi, nikahesabu kobe kumi na mmoja, nikahesabu tena, nikaondoka nikijiona mjanja. Nilidhani Wazungu wa Tarime wangewagombania. Kumbe kila mlango niliobisha walinijibu lilelile: kobe wa Machochwe hawawezi baridi ya huku juu, watakufa wiki mbili hizi. Nilirudi nyumbani na kapu lilelile, nikaliweka karibu na mafiga, na jioni tukala ugali wa mtama na muhogo kwa kunde, kobe wakitutazama.

Hapo akaingia Marwa. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Gati, na kwa taratibu za kwetu Robi alikuwa mtoto wa kuamuliwa na yeye. Alikuwa ameshaamua. Darasa la nne lilimtosha msichana. Kuna nyumba upande wa pili wa mto ilikuwa imeshatuma mtu, na mwisho wa mwaka ng'ombe wa mahari waingie bomani kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye boma tupu. Gati alitaka Robi aende shule ya bweni ya wasichana itakapofunguliwa Januari, na kila alipolisema Marwa alicheka, akaomba aongezewe pombe. Jioni ile alipita jikoni akachungulia kapu.

"Shemeji, siku hizi ndiyo mboga hii?"

"Ni wageni wa Bhoke," Gati akasema. Bhoke ni mimi.

"Shikamoo baba mdogo," Robi akasema. "Hao hawaliwi. Hata wewe huwawezi, wana mifupa nje."

"Marahaba. Mdomo huo mumeo ataufanyia kazi." Akarudi kwa wenzake, watu watano wa rika lake, wakainamia mirija. Nikamsikia juu ya ukuta: "Wanawake wa humu wameleta kobe kutoka Machochwe. Ukungu wa wiki moja, wamekwisha."

"Hawatakufa," Gati akasema kutoka jikoni, bila kupandisha sauti.

"Watakufa, shemeji, hata wimbi halijatoa masuke."

"Hawatakufa."

Marwa akacheka mpaka mrija ukamtoka. "Basi ukiwafikisha Januari, Robi na aende hiyo shule."

Mbele wakaacha kunyonya wote kwa pamoja. Kwetu mtu anaweza kumdanganya mkewe, karani, hata padri, lakini neno alilolisema mbele ya rika lake linamfuata mpaka kaburini, na rika ndilo linalolibeba. Mmoja wao, mzee mwenye jicho moja, akasema taratibu, "Mura, umesema." Ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana, na Marwa hakuwa kijana, kwa hiyo alijua anakumbushwa. "Nimesema," akajibu, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kutokea. Nikaona huo ndio wakati wangu. Nikatoka na kapu. "Wote," nikauliza, "au wangapi?" Marwa akasema wote kumi na mmoja. Mimi nikasema wawili. Akasema kumi. Nikasema watatu, maana hata watoto wa watu hawafiki wote. Tukavutana mpaka chungu kikapungua, tukakutana saba. Nilirudi jikoni nimejaa fahari. Gati aliendelea kukoroga. "Ungeanzia mmoja," akasema.

Basi tukawa na kobe kumi na mmoja, miezi kumi, na maisha ya msichana juu yao. Gati aliianza kazi kwa ujuzi aliokuwa nao, na ndilo lililokuwa kosa. Aliwafanya kimea. Aliwatandaza kwenye gunia lenye unyevu karibu na moto, akawafunika kwa majani ya migomba, akawageuzageuza ili joto liwafikie wote sawasawa, kiwiko ndani, kiwiko nje. Sijawahi kuona wanyama wakitunzwa kwa bidii kama ile wakielekea kufa. Siku ya sita pua zao zilianza kutoa mapovu. Siku ya tisa wawili walikuwa wamekufa, na mmoja akafuata kabla ya wiki kwisha. Nikahesabu wanane. Nikahesabu tena. Robi hakuongea siku nzima, na hilo peke yake lilitosha kututisha.

Mwingine angemlaumu mwenzake, au angemlaumu mzee wa Machochwe. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Gati aliketi chini mbele ya wale wanane akawatazama kuanzia asubuhi mpaka wanywaji wakabisha na kurudi walikotoka. Aliondoa majani. Mmoja alitambaa kutoka kwenye gunia lenye joto, akaenda mpaka mlangoni palipokuwa na baridi, akala jani la mchunga, kisha akarudi mwenyewe kwenye joto, akalala. Gati akamtazama akifanya hivyo mara tatu. "Kimea hakina miguu," akasema mwishoni. Nikamwambia sijaelewa. "Kimea lazima nikichagulie joto, kwa sababu hakiwezi kutembea. Hawa wana miguu. Nimekuwa nikiwachagulia." Katika umri huu nimewasikia watu wenye shahada wakieleza mambo, na bado nadhani ile ndiyo akili safi kuliko zote nilizowahi kuona ikifanya kazi mbele ya macho yangu: mtu kuchukua kitu pekee anachokijua vizuri, na kukubali mchana kweupe kwamba hapa hakifai.

Tukahitaji sanduku refu, lenye joto upande mmoja na baridi upande wa pili, ili kobe achague. Masanduku ya dukani yalikuwa mafupi. Mwenye sanduku refu Tarime nzima alikuwa fundi seremala wa barabara ya sokoni, na sanduku lenyewe lilikuwa jeneza. Alikuwa amelichonga kwa vipimo alivyoletewa na ndugu wa marehemu, na marehemu akatokea kuwa mrefu kuliko ndugu zake walivyomkumbuka. Jeneza likabaki. "Kwa vioo vitatu vya taa," fundi akaniambia. Nikamuuliza anadhani mteja mwenye kimo hicho atakufa lini. Tukamaliza kwa kioo kimoja, na akatubebea yeye mwenyewe mpaka mlangoni, ila ndani alikataa kuingia.

Nalo likawa shauri zito, maana kwetu jeneza haliingii nyumba isiyo na maiti. Wanywaji waliliona jikoni kupitia mlango wazi, wakaondoka mmoja mmoja, wakiaga kwa heshima kama watu waliokumbuka ng'ombe wao. Kwa wiki tatu hakuna mrija ulioguswa. Marwa alisimama nje, mikono nyuma. "Shemeji, unaita kifo nyumbani kwa ndugu yangu." Gati akamjibu kutoka ndani kwamba mbao ni mbao, na kwamba kama anataka kuwatazama kobe aingie, na kama hataki afunge mlango, joto linatoka. Najua alikuwa anaogopa. Nilimwona akilifuta lile jeneza kwa majivu, ndani na nje, midomo ikimcheza. Lakini alilifuta, akaliingiza, akalijaza mchanga na udongo wa kina cha kiganja kizima.

Upande wa kichwani alifukia nusu ya chungu kidogo chenye mdomo wa kuzibwa, akakijaza maji ya moto. Kikipoa anabadilisha, mara nne kutwa. Mkaa aliukataa, kwa sababu moshi wake katika chumba kilichofungwa humaliza watu, sembuse kobe. Juu ya chungu alitundika taa yangu ya chemli kwenye mti uliokatiza jeneza, na nyuma ya taa akasimamisha bati la debe alilolipasua na kulisugua kwa mchanga mpaka likang'aa, ili mwanga na joto virudi chini badala ya kupotea kwenye nyasi za paa. Upande wa miguuni hakuweka kitu ila majani ya mchunga, magamba ya mayai yaliyotwangwa, na nusu ya kibuyu yenye maji ya vuguvugu ya kuogea. Taa ilipandishwa au kushushwa kwa kamba, na aliyeamua ni kiwiko. Kobe wote wakijazana chini ya taa, ishushwe, wote wakikimbilia miguuni, ipandishwe, wakitawanyika, iachwe. Jua likitokea hata kwa muda wa kuchemsha chai, Robi aliwatoa nje chini ya kapu lililopinduliwa, kuwakinga na mwewe, kwa sababu Gati alishaona kwamba magamba ya waliopata jua ni magumu kuliko ya waliokaa kwenye taa tu.

Taa iliwashwa kulipokucha na kuzimwa jua lilipozama. Kobe, alisema Gati, lazima ajue mchana umeanza hata kama ukungu umekaa mlangoni. Wanywaji waliporudi, maana kiu ni kali kuliko hofu, hilo likawa wimbo wao. "Tarime yote," Marwa alisema, "nyumba inayowasha taa mchana na kukaa gizani usiku ni moja. Na ni ya kaka yangu." Yule wa jicho moja akasema labda wenye nyumba wanaona zaidi yake. Wakacheka, na mmoja akanyanyuka kwenda kuchungulia jeneza, kisha wa pili. Kufikia Juni walikuwa na majina ya kobe wote wanane, wakibishana ni yupi aliyekua. Marwa peke yake hakuchungulia.

Julai ilikuja na baridi ambayo wazee waliilalamikia kwa lugha zote tatu za soko. Kwa siku tisa hatukuona jua. Gati aliacha kupika pombe, kwa sababu moto wa pombe ni mkubwa na wa vipindi, naye alitaka mdogo usiokatika. Maana yake tulikula viazi na mlenda bila dagaa, na hakuna aliyelisema. Siku ya nne Robi alibaki nyumbani asiende shule, ameketi kwenye ukingo wa jeneza akibadilisha maji.

"Shule?" Gati akauliza.

"Wakifa hawa, shule ya nini?"

"Na wakipona, wewe ukafeli mtihani, kobe wataenda bweni badala yako? Nyanyuka."

"Mama, mmoja hafungui macho."

"Nimemwona. Huyo ni kazi yangu. Yako iko kule. Nyanyuka, Robi."

Robi akaenda akilia kwa hasira, ubao wa kuandikia kichwani kuzuia manyunyu. Yule mmoja alikufa siku iliyofuata, mkononi mwa Gati. Wakabaki saba. Nilihesabu mara mbili, kisha nikafanya jambo ambalo kwangu lilikuwa la kawaida kabisa: nilimwambia Gati kwamba safari yangu ya Machochwe inakuja, na mzee yule hakosi mayai mengine. Niwalete wawili wa akiba. Marwa hajawahi hata kuwatazama, hawezi kuwatofautisha.

"Mimi naweza," Gati akasema.

Nikamwambia hapa hatuzungumzii yeye, tunazungumzia maisha ya mtoto. Akapima maji. "Nikimpeleka shule kwa kobe wa hila," akasema, "nitakuwa nimeshinda mimi, si neno la Marwa. Marwa atakuja kujua, watu hujua, na atakuja kumtoa bwenini na rika lake lote nyuma yake. Neno lake ndilo lenye nguvu, Bhoke. Tusilitoboe." Nilikuwa nimefanya biashara miaka minne nikidhani biashara ni kumpita mwenzako. Nilikwenda Machochwe, nikanunua karanga, nikarudi na karanga.

Siku ya kuhesabu, wiki moja kabla ya shule, Marwa alikuja asubuhi na rika lake lote watano. Aliingia jikoni kwa mara ya kwanza tangu jeneza lifike, akavua kofia, nadhani kwa mazoea. Robi alikuwa amefaulu. Barua ilikuwa imebanwa kwenye paa. Marwa akahesabu kwa fimbo: mmoja, wawili, mpaka sita, wote wamekua sawa na ngumi ya mtoto. Wa saba alikuwa miguuni, kwenye baridi, amejifungia ndani ya gamba. Akamgusa kwa fimbo. Hakutikisika.

"Huyu amekufa," Marwa akasema. Hakulisema kwa furaha, ila alilisema.

"Hajakufa. Asubuhi ina baridi," Robi akasema. "Baba mdogo, hajakufa."

Gati akainamia jeneza. Akamchukua yule wa saba, akamweka kichwani juu ya mchanga wenye joto, akashusha taa kidogo kwa kamba, akajaribu kwa kiwiko, akashusha tena. "Kaeni," akawaambia wanaume, kama anavyowaambia wageni. "Robi, wape ugali." Wakakaa kulizunguka jeneza, sahani magotini, na nimehudhuria misiba iliyokuwa na maneno mengi kuliko mlo ule. Nilijaribu kuhesabu matonge, yakanipotea. Robi alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma, akitazama mahali pamoja tu. Sahani zilikwisha. Marwa akapangusa mikono, akavuta pumzi ya kusema. Mzee wa jicho moja akamwekea mkono gotini. "Ngoja."

Mguu mmoja ukatoka. Kisha kichwa, kikongwe, kimechukia kusumbuliwa. Yule wa saba akanyanyuka, akageuka polepole kuupa mwanga mgongo, akatembea urefu wote wa jeneza mbele ya wanaume sita, mpaka miguuni, akang'ata mchunga. Hakuna aliyepiga makofi. Marwa alimtazama akitafuna mpaka jani likaisha.

"Saba," akasema.

"Hesabu tena," nikamwambia, na akahesabu.

Masika yaliyofuata niliwarudisha Machochwe wote saba kwenye kapu, nikawaachia kwenye nyasi karibu na shamba la mzee yule, na kwa mara moja katika maisha yangu sikuomba kitu. Lakini kabla ya hapo ilikuja ile asubuhi ya Januari ya Robi kupanda lori la kwenda bwenini. Marwa alifika amevaa koti, akalinyanyua sanduku la Robi, akalitupia kichwani kwake, akatangulia njia nzima kupita sokoni, Robi nyuma yake na viatu mkononi. Kila aliyemsalimu alimsimamisha. "Nampeleka mtoto shule," alisema. "Mimi huyu nilimwona mapema, ana kichwa. Shemeji alikuwa na wasiwasi, nikamwambia hapana, lazima asome." Akalisema kwa muuza ndizi, akalisema kwa karani wa soko, akalisema kwa fundi seremala, ambaye alinitazama. Nikafungua mdomo. Hesabu yote nilikuwa nayo, siku kwa siku, na mashahidi.

Gati akanishika kiwiko.

"Mwache," akasema. "Sanduku si linakwenda?"